Vitundu mgongoni mwa sanamu ya bronzi: madini yanasingiziwa, mwizi ni kalibu

#1 Tundu_la_Hewa

Wakuu salaam. Nimekuja na hoja, mnipinge.

Sanamu ndogo ya bronzi ikitoka na vitundu, jibu la kwanza utakalopewa ni "gesi kwenye madini". Nasema madini yanasingiziwa, kalibu ndiyo mwizi. Kesi iko mezani. Ni ndege aliyetua, urefu sm 12, mzima ndani, hana uwazi. Nta yake (yaani mfano wa nta unaozungushiwa kalibu, kisha unayeyushwa utoke ili bronzi ichukue nafasi yake) ilikuwa gramu 140. Bronzi ni shaba nyekundu 90 kwa bati 10, jumla kilo 1.9 pamoja na mifereji na kikombe, yaani njia na mdomo wa kumiminia. Kalibu ni plasta ya jasi na unga wa silika, nusu kwa nusu kwa uzito, maji kilo 1 kwa kila kilo 2 za unga mkavu. Joko lilipandishwa hadi digrii 780 za Selsiasi ndani ya saa 6, likakaa hapo saa 2, kisha kalibu ikashushwa hadi 450. Madini yalimiminwa yakiwa 1,180. Kabla ya kumimina yalitiwa shaba yenye fosforasi 15%, gramu 15, ya kuondoa oksijeni. Mfereji ni mmoja, unene mm 8, umeingilia mkiani.

Matokeo: sura safi, manyoya yanahesabika. Ila mgongoni na chini ya bawa kuna vitundu vya nusu milimita hadi milimita moja, kama ngozi ya chungwa. Na pale mfereji ulipoungana na mkia kuna shimo lenye kuta zilizoparuza.

Mwageni nondo.

#2 Kijiti_cha_Nta

Nimevuta kigoda.

#3 Mzee_Koleo

Mleta uzi, umeleta mgonjwa mmoja mwenye maradhi mawili, halafu unataka dawa moja.

Shimo la mkiani halina ubishi. Hilo ni kunywea. Bronzi ikitoka kwenye majimaji kuwa gumu inapungua ujazo, na upungufu huo lazima ujazwe na madini ya moto kutoka mahali fulani. Kifua cha ndege mwenye mzigo wa gramu 140 za nta kitakuwa na unene wa sm 3 au zaidi. Wewe umemlisha kwa mrija wa mm 8 kupitia mkia. Mkia na mrija viliganda mapema, kifua kikabaki na njaa, kikanyonya kutoka popote palipokuwa bado laini. Kuta za shimo zimeparuza kwa sababu unachokiona ni matawi ya fuwele zilizoachwa bila maji kati yake. Chukua lenzi, utayaona kama majani ya mkangaga.

Sehemu nene ndiyo inayolishwa kwanza. Mfereji uingie kifuani, unene wake usipungue unene wa kile unachokilisha, na juu yake kuwe na kikombe chenye mzigo wa kutosha ili kiwe cha mwisho kuganda. Kikombe kikiganda kabla ya sanamu, umemgeuza ndege kuwa kikombe.

Vitundu vya mgongoni ni kesi nyingine. Hapo nakuachia wenye maabara.

#4 FundiMvuke

1,180? Mkuu, hiyo si bronzi, hiyo ni supu.

Bronzi ya 90/10 inakuwa majimaji kamili karibu na 1,020. Kwa kipande cha sm 12 chenye unene, 1,080 hadi 1,100 inatosha, na kalibu iko 450, wala si baridi. Kila digrii ya ziada inaongeza haidrojeni ambayo shaba inaweza kuibeba. Haidrojeni inatoka kwenye mvuke wa moto wenyewe, maana gesi ya kupikia ikiungua inazaa maji. Yakiwa ya moto madini yanaimeza, yakiganda yanaitapika. Ikikutana na oksijeni iliyobaki inakuwa mvuke, na mvuke hauna adabu, unatoboa.

Dawa yake: moto wenye hewa kidogo zaidi ya mahitaji, ulimi wa kijani hafifu ukitoka mdomoni mwa tanuri, siyo moto wa njano wenye moshi. Yeyusha haraka. Usiyaache madini yachemke huku unatafuta glavu. Fosforasi itiwe mwisho kabisa, koroga kwa fimbo ya grafaiti iliyopashwa, ondoa taka, mimina.

Kwa hiyo nakupinga moja kwa moja. Ni gesi.

#5 Jasi_na_Silika

Nampinga #4, namuunga mkono mleta uzi, ingawa ushahidi aliouleta mwenyewe ni wa kumfunga.

Joko lako lilifika 780 kwa saa 6. Jasi peke yake inavumilia joto kubwa sana kabla ya kuvunjika. Lakini jasi haikuwa peke yake, ilikaa na kaboni ya nta ambayo haijamaliza kuungua. Ukishavuka digrii 700 hivi na kaboni bado ipo, jasi inaanza kuporwa oksijeni yake, na kinachotoka ni gesi ya salfa. Ndiyo maana watengenezaji wa unga wa kalibu za masonara wanaweka ukomo karibu na 730. Kalibu ya namna hiyo ikiguswa na madini ya 1,180 inapumua salfa moja kwa moja kwenye ngozi ya sanamu. Vitundu vinakuwa vya juujuu, vimetawanyika, na huwa vingi upande ambao ukuta ulipata moto zaidi. Mgongoni!

Swali: ulipovunja kalibu, ukuta uliogusa sanamu ulikuwa mweupe au wa kijivu? Na ulinuka kama kiberiti?

#6 Mzee_Koleo

#5 umesema vizuri ila umeruka jambo. Saa 6 kutoka baridi hadi 780 ni wastani wa digrii 130 kwa saa. Kuna maji huru ambayo lazima yatoke karibu na 100, kuna maji yaliyofungwa ndani ya jasi yanayotoka kuanzia hapo hadi karibu 200, na kuna silika inayobadili umbo kwenye 573 na kutanuka ghafla. Ukivuka 573 kwa pupa, kalibu inapasuka nyufa za unywele. Ufa unazaa mapezi, vile vibamba vyembamba vya bronzi vinavyobaki kwenye sanamu. Mleta uzi, ulipata mapezi?

Kwa kalibu yenye kipenyo cha sm 15 ratiba ya kiungwana ni hii: 150 kwa saa 4, mdomo ukiangalia chini ili nta idondoke. Panda digrii 50 kwa saa hadi 300, kaa saa 2. Panda 50 kwa saa hadi 650, kaa saa 5. Kisha shusha hadi 300 au 350, mimina. Ni karibu siku nzima, na gesi ya kupikia italia. Hakuna njia ya mkato isiyolipwa baadaye kwa tupa na msasa.

#7 Kijiti_cha_Nta

Hadi sasa ndege ana njaa, ana gesi tumboni na amevuta salfa. Mpelekeni hospitali.

#8 Mchokonozi

Wote mnapita pembeni. Someni tena #1: gramu 15 za shaba ya fosforasi kwenye kilo 1.9. Ni 15%, kwa hiyo fosforasi tupu ni gramu 2.25, yaani karibu 0.12% ya chungu kizima. Kuondoa oksijeni kunahitaji kama robo ya hapo, pengine chini yake. Gramu 3 zingetosha.

Fosforasi ya ziada haikai bure. Inayafanya madini yawe mepesi kutiririka kupita kiasi, yanapenya kwenye vinyweleo vya kalibu, halafu inashambulia mvuke wowote uliobaki ukutani: inachukua oksijeni ya maji, inaiacha haidrojeni ikiwa huru, na haidrojeni hiyo inaingia kwenye madini pale pale chini ya ngozi. Matokeo ni vitundu vidogo vilivyojipanga milimita moja au mbili chini ya uso, vinavyofunguka ukipiga brashi ya waya. Vinafanana kabisa na vyako.

Kwa hiyo #4 yuko nusu sahihi, ni gesi. Na #5 yuko nusu sahihi, imetoka ukutani. Aliyewapatanisha ni huyo aliyemwaga fosforasi kama chumvi.

#9 FundiMvuke

#8 hesabu yako nimeirudia, ni sawa. Lakini kalibu iliyokaa 780 kwa saa 2 bado ina mvuke gani?

#10 Mchokonozi

Ikishushwa hadi 450 haina. Ikiachwa nje ya joko ikafika joto la kawaida, jasi iliyochomwa inanyonya unyevu hewani kama sponji. Mleta uzi hajasema ilikaa nje muda gani.

#11 Chuma_Chakavu

Samahani kuwakatisha. Naona watu wanachanganya majina. Shaba nyekundu ni shaba tupu, inayeyuka 1,085. Bronzi ni shaba na bati. Shaba ya njano ni shaba na zinki. Mtu akiokota bomba la zamani la maji akaliita bronzi, ajue huenda ni shaba ya njano yenye zinki 30% na risasi kidogo. Zinki inachemka 907, kabla hata shaba haijayeyuka. Utaona moshi mweupe mzito na unga kama pamba ukielea. Huo moshi ukiuvuta unapata homa na baridi usiku huo huo.

Bora kununua shaba safi, kwa mfano waya wa umeme uliochunwa plastiki kwa kisu. Usiuchome ili kuuvua, moshi wake ni sumu. Yeyusha shaba kwanza chini ya tabaka la makaa yaliyokaushwa, halafu bati liingie mwisho, maana lenyewe linayeyuka 232 na likitangulia linaungua bure.

#12 Mwanafunzi_wa_Moto

Mimi ni mgeni. Gramu 140 za nta mmejuaje ni bronzi kiasi gani? Na nta gani inatumika, ya mshumaa?

#13 Mama_Nta

Karibu. Wengi wanazidisha kwa 10, basi. Hesabu halisi ni uzito wa bronzi kwa sentimita moja ya ujazo, 8.8, gawa kwa wa nta, kama 0.95. Unapata 9.3. Gramu 140 zinakuwa kilo 1.3. Mifereji na kikombe pima pamoja na sanamu kabla ya kumwaga plasta, usikadirie kwa macho. Ongeza asilimia 10 ya kubaki chunguni, kwa sababu madini yakipungua katikati ya kumimina hakuna kuunganisha, sanamu itakuwa na mshono wa baridi kiunoni.

Nta ya mshumaa peke yake inavunjika na haikubali kukunjwa. Nta ya nyuki peke yake inanata vidoleni siku ya joto. Anza na nta ya nyuki sehemu 2, ya mshumaa sehemu 1, ulimbo uliosagwa nusu sehemu. Ulimbo unaipa ugumu na inachongeka kwa kisu bila kumeguka. Ukizidisha inakuwa kama kioo.

Sasa kuunga mfereji, hapa ndipo watu wanapoharibu na mfereji wenyewe upo sahihi. Pasha bapa la kisu, liweke katikati ya mfereji na sanamu ili pande zote mbili ziyeyuke kwa pamoja, vuta kisu, bana, hesabu hadi 10. Kisha chovya kijiti cha moto kwenye nta na uzungushie shingo ya kiungo mpaka iwe mviringo kama shina linavyoungana na tawi. Kona kali ikibaki, madini yakipita yanabomoa ukingo wa plasta na kuusafirisha mpaka ndani ya sanamu. Hivyo vipande vyeupe utakavyovikuta kwenye jicho la ndege ni kona uliyoiacha.

Mwisho pangusa nta yote kwa spiriti yenye tone la sabuni. Plasta haishiki juu ya mafuta. Kila kipovu cha hewa kilichonata kwenye nta kitazaliwa kama chunusi ya bronzi.

#14 Jasi_na_Silika

Nakazia #13. Na unga unamwagwa kwenye maji, siyo maji kwenye unga. Nyunyiza mpaka vionekane visiwa, acha dakika moja uloweke, koroga kwa mkono uliozama bila kupiga povu. Tabaka la kwanza lipakwe kwa brashi laini, na pulizia kila shimo. Masikio, kwapa, chini ya bawa.

Chini ya bawa, mleta uzi. Umesoma hapo?

#15 Gamba_Gumu

Mimi naona mnateseka na plasta bure. Tumieni gamba la silika. Sanamu ya nta inachovywa kwenye uji wa silika ya majimaji na unga laini wa silika, inanyunyiziwa mchanga wa silika, inakauka kwa feni, inachovywa tena. Tabaka 7 hadi 9, mbili za kwanza kwa mchanga laini, zinazofuata kwa mkavu wa chembe kubwa. Mwisho una gamba la mm 6 au 8, gesi zinapita ukutani zenyewe, hakuna salfa, na madini unayamimina kwenye gamba jekundu la 800 hivi. Vitundu vya salfa vinabaki hadithi.

#16 Mzee_Koleo

Hadithi ni hiyo ya kwamba gamba halina matatizo. Nta inatanuka kuliko gamba. Ukilipasha polepole kama plasta, nta inavimba kabla ya kutoka na gamba linachanika. Lazima uliingize ghafla kwenye joko la 850 au zaidi, ili uso wa nta uyeyuke na kutoka kabla moyo wake haujapata joto. Nyumbani maana yake unafungua mlango wa joko jekundu na kuweka ndani kitu kitakachomwaga nta iwakayo moto miguuni kwako. Na tabaka 9, kila moja na saa 4 au zaidi za kukauka, mashimo ya ndani yanakauka kwa kuchelewa. Kwa ndege mmoja ni wiki. Kwa ndege 20 nakubaliana nawe.

#17 Printa_ya_Jioni

Vipi nyuzi za PLA, ile plastiki ya printa za 3D, badala ya nta? Nimesoma zinaungua bila majivu.

#18 Gamba_Gumu

Karibu bila majivu zikiwa hazina rangi. Nyeupe mara nyingi imetiwa oksidi ya titani, hiyo haiungui kamwe, inabaki vumbi ndani ya kalibu na kuishia juu ya sanamu. Chukua isiyo na rangi, kuta nyembamba, ujazo wa ndani kidogo sana, ipake nta juu kufuta mistari ya tabaka na kuacha nafasi ya kutanuka. PLA haidondoki kama nta, inakuwa ute mzito. Inahitaji joko lenye hewa ya kutosha na mifereji inayopitisha hewa pande mbili.

#19 Kijiti_cha_Nta

Ndugu zangu, mnabishana juu ya fosforasi wakati Cellini, yule mchongaji wa Italia wa karne ya 16, aliokoa sanamu yake ya Perseus kwa kutupa vyombo vya mezani kwenye tanuri. Mleta uzi, una sahani ngapi?

#20 Chuma_Chakavu

Hiyo si masihara ya bure, ina elimu ndani yake. Cellini mwenyewe anasimulia kwamba madini yalianza kuganda tanurini akatupa sahani na mabakuli ya aloi ya bati, kama 200. Bati linashusha kiwango cha kuyeyuka na kuongeza wepesi wa kutiririka, kwa hiyo kwenye uji wa bronzi unaokwama ndicho kitu cha busara kutupa. Sanamu ilizinduliwa Florence mwaka 1554. Ila usijaribu kwa sahani za kisasa usizojua zina nini.

#21 Printa_ya_Jioni

Na Afrika tusisahaulike. Bronzi za Benin, ule ufalme wa zamani uliokuwa Nigeria ya leo, ni kwa njia hii hii ya nta.

#22 Chuma_Chakavu

Njia ndiyo, jina siyo. Nyingi ya hizo ni shaba ya njano yenye risasi, "bronzi" ni mazoea ya makumbusho. Ukitaka bronzi kweli ya Afrika Magharibi nenda Igbo-Ukwu, karne ya 9 hivi, kazi ya nyuzi na wadudu wadogo ambayo hata sonara wa leo angeomba lenzi. Na ile sanamu ya binti mchezaji wa Mohenjo-daro, mji wa kale wa Pakistani ya leo, urefu sm 10 na ushei, umri miaka zaidi ya 4,000, hajazidi ndege wa mleta uzi.

#23 Mama_Nta

Mafundi wa Asante kule Ghana na wa Bastar kule India wana mbinu ambayo inamfaa mtu wa nyumbani kuliko hata plasta. Kalibu ya udongo na unga wa makaa, nta ikishatoka, unaunganishiwa mdomoni kikapu cha udongo chenye vipande vya shaba ndani, unaziba kote, kinakuwa kitu kimoja kama kibuyu. Chungu kinakaa chini motoni, kalibu juu. Madini yakiyeyuka unakigeuza chote juu chini, yanateremka yenyewe. Hakuna kumimina hewani, na makaa ya ndani yanazuia oksijeni. Ubaya wake huoni kinachoendelea. Unasubiri ulimi wa moto kubadilika rangi na unaamini.

#24 FundiMvuke

Nilitaka kusema kuna wanaokoroga kwa kijiti kibichi cha mti kuondoa oksijeni. Zamani ilifanyika viwandani kwenye shaba. Kwenye chungu cha kilo 2 unaondoa oksijeni na kuingiza haidrojeni, umebadilisha ugonjwa tu.

#25 Ngao_ya_Uso

Kurasa mbili na hakuna aliyetaja usalama isipokuwa moshi wa zinki. Tusiangamize wageni.

Maji na bronzi ya 1,100 havikai pamoja. Tone likiwa juu ya madini linachemka na kuondoka. Likiwa CHINI yake linageuka mvuke wenye ujazo zaidi ya mara 1,600 na linarusha madini hadi darini. Kwa hiyo koleo, kijiko cha taka, fimbo ya kukorogea, hata kipande cha bati unachoongeza, vyote vipashwe mdomoni mwa tanuri kwanza. Usimimine juu ya sakafu ya saruji, ina unyevu ndani na inapasuka ikirusha vipande. Tandaza mchanga mkavu sm 10. Chungu kipya cha grafaiti kipashwe taratibu hadi 200, kisha kiwe chekundu, kabla ya kazi ya kwanza. Usikijaze vipande vilivyobanana, vikitanuka vinakipasua.

Nguo za pamba au ngozi, suruali nje ya buti siyo ndani, ngao ya uso yenye kioo cha kivuli kwa kuangalia tanuri. Na unga wa silika unaua polepole, mapafu hayasafishwi. Barakoa ya chembechembe wakati wa kuchanganya NA wakati wa kuvunja kalibu. Vunjia ndani ya ndoo ya maji kama bronzi imeshapoteza wekundu, vumbi linabaki majini.

#26 Mwanafunzi_wa_Moto

Asante. Naomba na rangi, bronzi ikitoka imekuwa ya waridi, ile ya kahawia ya makumbusho inakujaje?

#27 Mama_Nta

Hiyo ina uzi wake, kwa kifupi tu: pasha sanamu kwa tochi ya gesi mpaka tone la maji likiligusa linachemka bila kuruka, kama 100. Paka ini la salfa (dawa ya potasiamu na salfa) lililoyeyushwa majini, chembe ukubwa wa njegere kwa glasi moja, upate kahawia hadi nyeusi. Naitreti ya chuma inaleta nyekundu ya kutu na dhahabu, ya shaba inaleta kijani. Tabaka nyembamba nyingi, siyo moja zito. Mwisho paka nta sanamu ikiwa bado ya uvuguvugu. Vitundu vya mgongoni vitashika dawa na kutoa madoa baada ya wiki, ndiyo maana mleta uzi ana haki ya kulia.

#28 Tundu_la_Hewa

Nimerudi na majibu. Nimemkata ndege katikati kwa msumeno.

Ukuta wa kalibu: wa kijivu sm 1 kutoka kwenye sanamu, mweupe kwingine. Harufu ya salfa ipo ukichovya maji. Mapezi mawili madogo shingoni. Kalibu ilikaa nje ya joko dakika 40 kabla ya kumimina, juu ya mchanga. Juu ya kikombe hapakuzama wala hapakuvimba, pametoka bapa na kinundu kimoja, kando ya kinundu kuna shanga nyeupe mbili kama za bati.

Ndani: kifuani kuna sponji yenye kuta za kuparuza, kipenyo sm 1. Mgongoni vitundu vinaanzia kama nusu mm chini ya ngozi na kuishia mm 2. Baadhi ni mviringo na vinang'aa, baadhi si mviringo.

#29 Jasi_na_Silika

Kijivu na salfa. Sina la kuongeza. Kesi imefungwa.

#30 FundiMvuke

Shanga nyeupe ni jasho la bati! Haidrojeni ikitoka ndani inakamua majimaji yenye bati nyingi mpaka juu. Kikombe chenye afya kinazama katikati, cha kwako hakikuzama, kwa sababu gesi ilijaza nafasi ya kunywea. Kesi imefungwa, ila upande huu.

#31 Mchokonozi

Nusu mm hadi mm 2 chini ya ngozi ndiyo maneno yangu ya #8 neno kwa neno. Na dakika 40 nje. Msinifundishe.

#32 Mzee_Koleo

Tulieni. "Baadhi si mviringo" mmeiruka wote watatu. Bronzi ya 90/10 inaanza kuganda karibu na 1,020 na haimalizi mpaka iwe chini ya 850. Kati ya hapo ni uji, siyo maji wala jiwe. Kunywea hakufanyi shimo moja tu, kunatawanyika kama vinyweleo kati ya fuwele, na kikiwa karibu na ngozi ya upande wa moto kinafanana na gesi mpaka ukitazame kwa lenzi. Bronzi ya silikoni pengo lake ni kama digrii 55, ndiyo maana watu wa nyumbani wanaisifu. Wanadhani ni safi zaidi, kumbe inaganda haraka zaidi. Nayo msiitie fosforasi, silikoni inajiondolea oksijeni yenyewe.

#33 Mchokonozi

Mzee sasa unataka yote yawe njaa.

#34 Mzee_Koleo

Mfereji wa mm 8, kijana.

#35 Tundu_la_Hewa

Basi tupime. Nta mbili za ndege yule yule kutoka umbo moja la kufyatulia nta. Zote mfereji wa mm 25 kifuani na mrija wa hewa wa mm 3 mgongoni. Kalibu A ratiba ya #6, ukomo 650. Kalibu B ratiba yangu ya zamani, 780. Zote zinatoka jokoni dakika ile ile, chungu kimoja, 1,090, shaba ya fosforasi kwa kiwango cha #8, gramu 6 kwa kilo 4.

#36 FundiMvuke

Ukibadilisha mfereji, joto na fosforasi vyote kwa pamoja, A na B zikitoka safi hutajua nani amekuponya.

#37 Jasi_na_Silika

Zikitoka tofauti utajua kuhusu 780, basi. Hilo linanitosha mimi.

#38 Mchokonozi

Weka na C. Kama A, lakini iachwe nje dakika 40.

#39 Tundu_la_Hewa

C imekubaliwa, joko linabeba tatu. Kilo 6 basi, chungu nacho. Kuna mwenye ratiba ya kupasha chungu cha kilo 8 ambacho hakijawahi kutumika, ile ya #25 ni kwa kidogo au kwa saizi zote?

#40 Ngao_ya_Uso

Zote, kikubwa unakipa muda mrefu zaidi. 200 kwa saa 2, panda taratibu mpaka chekundu, kaa nusu saa, kisha zima tanuri na kiache kipoe humo humo na mfuniko juu.